Vichwa viwili, gari moja

Huko Marekani watu wengi, hata wazee, hutengeneza magari madogo ya moshi na kuyaendesha nyumbani. Mara nyingi kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli za kweli zaachana milimeta 1435; za mchezo, milimeta 16 na nusu.

Kichwa cha Union Pacific ni cha manjano. Cha Santa Fe, chekundu na rangi ya fedha. Je, vyaweza kuvuta gari moja? Vyaweza, maana hata makampuni ya kweli huazimana vichwa. Shida si rangi, ni mbio. Umeme hupita katika reli na kuzungusha mota za vyote viwili pamoja. Kimoja kikiwa chepesi kupita mwenzake, humburuta; magurudumu huteleza na mota hupata moto. Kwa hiyo mtu mwangalifu huvipima kwanza, kimoja nyuma ya kingine, bila kuviunganisha.

Na kichwa cha Kongo? Reli zetu nyingi zaachana milimeta 1067. Gawanya kwa 87: wapata kama milimeta 12. Kikiwekwa juu ya reli za Wamarekani, kitatumbukia katikati.