Gari Linalokunywa Maji

Anayepanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa mchana wa jua kali hakosi kuona gari dogo limeegeshwa pembeni, boneti juu, mvuke unafuka, na dereva amesimama na dumu mkononi. Mara nyingi dereva huyo alishajua tangu nyumbani kwamba gari lake linakunywa maji. Kila asubuhi aliongeza kidogo, akaenda kazini, akarudi salama. Kwenye foleni za mjini lilivumilia, mlimani limegoma, na kabla ya kuanza safari alilijaza hadi juu. Basi tatizo si wingi wa maji. Tatizo ni presha, na mtu akishaelewa habari ya presha anaweza kutengeneza sehemu kubwa ya mivujo ya rejeta mwenyewe, uani kwake, kwa fedha kidogo sana.

Injini ya petroli hugeuza robo hadi theluthi tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na fungu linalokaribia theluthi hupita kwenye chuma cha injini na kuchukuliwa na maji. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 liliachia maji hayo yachemke na kupotea hewani. Mkewe, Bertha, alipoliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwaka 1888, alilazimika kuongeza maji mara kwa mara njiani. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alibuni rejeta ya vijibomba 8,070 kwa ajili ya gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, ambamo maji yalizunguka na kurudi badala ya kupotea. Hatua iliyofuata ilikuwa kuyafunga kabisa.

Tazama mfuniko wa rejeta ya gari lako. Toyota ndogo nyingi zimeandikwa 0.9 au 1.1. Tarakimu hiyo ni kilo za presha kwa kila sentimita ya mraba, juu ya presha ya hewa ya kawaida. Usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka nyuzi 100. Yakifungwa kwa mfuniko mzima wa 1.1, hayachemki mpaka yapite nyuzi 120, kama yanavyofanya maji ndani ya sufuria ya presha inayoivisha maharage haraka. Iringa mjini, meta zaidi ya 1,500 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini yenye afya hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100, na sehemu zinazozunguka vali za ekzosi huwa na joto kubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo gari lenye tundu dogo likifika nyanda za juu limepoteza nyuzi zaidi ya 20 za kinga, hata kama rejeta imejaa pomoni.

Yanayofuata ndani ya injini hayaonekani kwa macho. Mapovu ya mvuke hujitokeza kwenye kuta za silinda hedi, na mvuke haubebi joto kama maji. Pale penye povu chuma kinazidi kupata joto, kinatanuka kuliko jirani zake, na hedi ya aluminiamu inapinda. Gasketi inaungua. Uvujaji ambao ungezuiwa na klipu moja ya chuma umekuwa kazi ya kushusha hedi, kuipeleka kukwanguliwa na kununua gasketi mpya.

Mshale wa dashibodi nao usikupe imani kupita kiasi. Sensa husoma joto la maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini yake, inabaki kwenye mvuke au hewa, na mshale unaweza kutulia katikati, hata kushuka, wakati chuma kinaungua. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale kabisa, ni taa nyekundu tu, na taa hiyo ikiwaka umeshachelewa.

Kutafuta uvujaji huanza injini ikiwa baridi, na kwa hili sina mjadala. Chukua lita moja ya maji iliyofungwa kwa presha ikiwa na joto la nyuzi 115. Ukifungua mfuniko, presha inaanguka na maji yanajikuta yana nyuzi 15 zaidi ya yanavyoruhusiwa. Ziada hiyo inatosha kugeuza gramu 28 hivi za maji kuwa mvuke papo hapo. Zinaonekana chache, lakini gramu 28 za mvuke hujaza nafasi ya lita 47, na kwa kuwa hazina pa kutokea ila mdomo wa rejeta, zinatoka zikisukuma maji ya moto mbele yake hadi usoni kwa aliyeinama. Tambara zito halizuii hilo. Kinachozuia ni kungoja mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza mkono, na ukiuminya uwe laini.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kinachodondoka ni maji ya rejeta. Kiyoyozi kikiwa kimewashwa hudondosha maji safi chini ya gari, na katika unyevunyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hudondosha mengi. Maji hayo hayana rangi wala harufu. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ina rangi, inateleza kidogo kwenye vidole na ina harufu tamutamu. Tandika katoni chini ya gari usiku, ukiweka alama mahali tairi za mbele zilipo, na asubuhi doa litakuonyesha upande wa kuanzia. Kisha fuata njia ya maji kwenda juu, kwa tochi. Pale panapovuja kidogo kidogo maji hukauka na kuacha unga mweupe, wa kijani au wa waridi. Unga huo ndio ushahidi wako, kwa sababu matundu mengi hayatoi tone injini ikiwa baridi na yanaanza kutema presha ikipanda. Ukiona njia ya unga chini ya pampu ya maji, kwenye kitundu kidogo kilichotobolewa makusudi kiwandani, sili ya pampu imekwisha. Hapo hakuna cha kuziba, badilisha pampu.

Mfuniko wenyewe uwe mtuhumiwa wa kwanza kwa sababu ndio rahisi kuliko vyote. Una vali mbili. Moja huachia maji yaende kwenye tangi la akiba yanapotanuka, na maji hutanuka kweli: lita 5 za gari dogo zikitoka joto la asubuhi hadi nyuzi 90 huongezeka karibu sehemu moja ya sita ya lita. Ya pili huyaruhusu kurudi injini ikipoa. Raba ya vali ikikauka au kupasuka, presha haikai. Dalili mojawapo ni tangi la akiba kujaa hadi kumwaga huku rejeta yenyewe ikipungua. Nyingine ni mpira wa juu kukutwa umebonyea asubuhi, maana yake maji yalishindwa kurudi. Nunua mfuniko wenye tarakimu ileile. Anayeweka mkubwa zaidi kwa kudhani anaongeza usalama anaitafutia presha mahali papya pa kupasulia.

Baada ya mfuniko ni mipira na klipu zake, na hapa ndipo kazi ya nyumbani inapolipa. Raba hukomaa kwa joto, hukakamaa mwishoni pale inapobanwa, na kuchanika. Ukiuminya mpira ukalia kama majani makavu, au ukahisi uvimbe karibu na klipu, wakati wake umefika. Ikiwa ufa uko ncha ya mwisho tu na mpira una urefu wa kutosha, huhitaji mpya leo. Weka beseni safi, fungua bomba la chini la rejeta upunguze maji kiasi. Legeza klipu uisogeze nyuma. Usivute mpira kwa nguvu na usiutekenye kwa bisibisi, kwa sababu shingo ya rejeta za siku hizi ni plastiki na ikivunjika umenunua rejeta. Uzungushe kushoto na kulia mpaka gundi ya miaka iachie. Kata sentimita 2 za ncha kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Shingo utaikuta ina magamba meupe. Yasugue kwa msasa laini mpaka pawe laini chini ya kidole, kwani mpira mzima ukikaa juu ya magamba utavuja vilevile. Sukuma mpira hadi mwisho, kisha rudisha klipu nyuma ya ile kingo iliyoinuka kwenye shingo, si juu yake.

Klipu ya springi iliyokuja na gari usiitupe kwa kuona ni ya kizamani. Shingo na mpira hutanuka na kusinyaa kila siku, na springi hufuata mabadiliko hayo. Klipu ya skrubu hubaki pale ulipoikazia, na ikikazwa mno hukata raba. Ukiweka ya skrubu, ikague tena baada ya siku chache injini ikiwa baridi.

Mpira ukipasuka njiani, ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu na kuzungushwa tabaka kadhaa, kisha ukafungwa kwa waya, unaweza kukufikisha. Madereva wa zamani huongeza hila moja: huacha mfuniko kwenye kituo cha kwanza bila kuukaza, ili presha isipande na kiraka kisisukumwe. Ni hila sahihi, ila umeuza kinga ya joto ukanunua uimara wa kiraka. Nenda polepole, washa hita hadi mwisho ili nayo ibebe sehemu ya joto, na mlimani usijaribu.

Rejeta yenyewe ikitoboka, mambo yanategemea imetengenezwa kwa nini. Za shaba za zamani fundi huzilehemu kwa risasi na zikarudi kazini miaka. Aluminiamu haikubali risasi hivyo, kwa sababu hewa huivika ngozi ngumu ya oksaidi mara tu inapokwanguliwa. Kitundu kidogo kwenye aluminiamu kinazibika kwa gundi ya chuma ya kuchanganya tyubu mbili, mradi umemwaga maji, umekausha, umepiga msasa na umeipa usiku mzima kukauka. Ufa kwenye tangi la plastiki la juu ni habari nyingine: plastiki hiyo imeshazeeka yote, na ukiuziba hapa itapasuka pale.

Kuhusu yai na pilipili manga ambavyo wengine humimina kwenye rejeta ili kuziba tundu, kisayansi hakuna uchawi. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi, na punje za pilipili hunaswa kwenye tundu. Shida ni kwamba havichagui. Vitaganda pia ndani ya vijibomba vyembamba vya rejeta na vya hita, ambavyo ndivyo vinavyopoza gari. Dawa za chupa zenye silikati ya sodiamu ni bora kuliko yai, lakini nazo ni za kukufikisha, si za kuishi nazo. Sabuni ya kipande iachwe kwa kuziba tangi la mafuta: petroli haiiyeyushi, maji ya moto yanaiyeyusha.

Chanzo cha mivujo mingi ni maji tunayomimina. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, na kloridi iliyomo hutoboa ile ngozi ya oksaidi inayolinda aluminiamu. Chuma cha bloku na aluminiamu ya hedi vikiwa ndani ya maji hayo huwa kama betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Watu husema kulanti ni ya nchi za barafu. Sikubaliani nao hata kidogo. Sisi tunaihitaji kwa viambato vyake vya kuzuia kutu, na huo ndio ununuzi pekee katika kazi hii ambao sishauri mtu aubane. Ichanganye na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri (usichukue asidi kwa makosa, soma lebo). Nusu kwa nusu inatosha. Kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko mchanganyiko. Rangi haina kanuni moja kwa viwanda vyote, kwa hiyo usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi. Nyingine zikikutana hufanya tope.

Na themostati irudishwe. Mafundi wengi huing'oa wakisema nchi yetu ni ya joto. Kidubwasha hicho chenye nta inayotanuka hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi. Bila hicho injini huchelewa kufikia joto lake, inakula mafuta na kusagika zaidi. Katika baadhi ya injini themostati pia huziba njia ya mkato, na ikitolewa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Ukimaliza, toa hewa. Egesha gari pua ikiwa imeinuka, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza taratibu, washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu baridi na uminye mpira wa juu mpaka mapovu yakome. Funga kabla maji hayajachemka. Kesho asubuhi kagua tena.

Yako magari yatakayoendelea kupungukiwa bila doa lolote chini. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta kitu cha rangi ya chai ya maziwa, au mpira wa juu unakakamaa dakika moja tu baada ya kuwasha gari lililolala, huenda maji yanaingia kwenye oili, au gesi ya mwako inaingia kwenye maji, kupitia gasketi ya hedi. Usiongeze maji uendelee kulitumia. Mwite fundi.

Kulanti uliyoimwaga usiiache kwenye beseni hata kwa saa moja. Ethilini glaikoli ina ladha tamu, mbwa huilamba na mtoto anaweza kuionja, na ini huigeuza kuwa asidi ya oksaliki inayojenga fuwele kwenye figo. Kiasi kidogo kinaua. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, liandike, lifungie mbali na chupa za kunywea, kisha lipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.