Fujimori: Mhandisi Aliyeshinda Urais kwa Kutokuwa Mwanasiasa

Katika historia ya chaguzi za Amerika ya Kusini, ni nadra kumpata mgombea aliyenufaika na ugeni wake katika siasa kama Alberto Fujimori, mhandisi wa kilimo, yaani mtaalamu anayetumia hesabu na sayansi katika mambo ya udongo, maji na mazao, ambaye mwaka 1990 alichaguliwa kuwa Rais wa Peru bila ya kuwahi kuchaguliwa kushika wadhifa wowote wa kisiasa. Mwana huyo wa wahamiaji kutoka Japani alihitimu katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha La Molina, jijini Lima, akasomea hisabati Marekani, kisha akafundisha La Molina hadi akawa mkuu wa chuo hicho mwaka 1984.

Kupanda kwake hakueleweki pasipo kuitazama hali ya nchi. Utawala wa rais aliyemtangulia, Alan García, ulikuwa umeiacha Peru katika mfumuko wa bei uliopindukia, ambao humaliza thamani ya mshahara kabla mwezi haujaisha. Mwaka 1990 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 7,000. Milimani Ayacucho, waasi wa Sendero Luminoso, Wakomunisti waliofuata mafundisho ya Mao, walikuwa vitani na dola tangu 1980, na wakulima waliobanwa kati yao na jeshi ndio waliouawa kwa wingi. Katika hali hiyo uzoefu wa siasa uligeuka kuwa doa.

Mpinzani wake mkuu, mwandishi wa riwaya Mario Vargas Llosa, naye hakuwa mwanasiasa wa kazi, lakini alijifunga na vyama vikongwe na kutangaza waziwazi kwamba uchumi ulihitaji hatua kali. Fujimori alikipa chama chake kipya, Cambio 90, kaulimbiu ya uaminifu, teknolojia na kazi, akazunguka vitongoji vya maskini juu ya trekta, akiungwa mkono na wafanyabiashara wadogo na waumini wa makanisa ya kiinjili. Katika duru ya kwanza alipata asilimia 29, nyuma ya Vargas Llosa; katika duru ya pili, yaani marudio baina ya wagombea wawili wanaoongoza pale ambapo hakuna aliyevuka nusu ya kura, alishinda kwa asilimia 62.

Mwezi Agosti, siku chache baada ya kuapishwa, alitekeleza hatua zilezile kali alizozipinga jukwaani, na bei ya petroli ikapanda takribani mara 30 kwa usiku mmoja. Mfumuko wa bei ulidhibitiwa, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini tarehe 5 Aprili 1992 alilifunga Bunge kwa nguvu ya jeshi na kusimamisha Katiba. Kosa kubwa la utawala huo lilikuwa kulitazama Bunge kama kizuizi cha kiufundi, ilhali kazi ya Bunge ni kumkatalia rais inapobidi. Kwa kuwa Cambio 90 haikuwa na mizizi wala wazee wa kumzuia, aliegemea jeshi na mshauri wake wa ujasusi, Vladimiro Montesinos.

Taaluma ya uhandisi yenyewe, hata hivyo, haifai kulaumiwa, kwani makamu wake wa kwanza, Máximo San Román, naye mhandisi, alikataa kuunga mkono kufungwa kwa Bunge na akaapishwa na wabunge waliofukuzwa kuwa rais wa kikatiba, ingawa hakupata mamlaka yoyote. Mpiga kura anayevutwa na mtaalamu asiye na historia ya siasa anapaswa kumuuliza mapema atafanya nini siku Bunge au mahakama zitakapompinga.

Mwaka 2000 Fujimori alituma barua ya kujiuzulu kwa faksi akiwa Japani. Bunge liliikataa na kumwondoa madarakani, na mwaka 2009 mahakama ya Peru ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa mauaji yaliyofanyika Barrios Altos na La Cantuta wakati wa utawala wake.