Kitabu cha Mchezaji Kikifika Kikundini, Tukisome Vipi?



Katika ziara zetu vijijini tunakuta vitabu ambavyo wachezaji mashuhuri husimulia maisha yao na imani yao. Vijana huvipenda na huazimana hata kurasa ziishe. Hilo ni jema. Lakini katika kikundi kimoja, baada ya kusoma, vijana wawili waliacha kutoa mchango wa kila wiki. Tulipowauliza wakajibu: "Mungu akitaka kutuinua atatuinua tu. Shilingi hamsini ni za nini?"

Ndipo tukaona tueleze jambo hili. Tuchukue kitabu kimoja kama mfano: All Things Possible, yaani mambo yote yawezekana, cha Mmarekani Kurt Warner, kilichotoka mwaka 2000.

Mchezo wenyewe

Mpira wa Wamarekani si kandanda yetu. Unakaribia raga. Mpira una umbo la yai na hushikwa kwa mikono. Kila upande una watu 11, na timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, kama mita 9 hivi. Warner alikuwa mrushaji, yule anayeamua mpira uende kwa nani. Akikosea yeye, timu nzima inaumia.

Alikotoka

Mwaka 1994 alijaribiwa na timu ya Green Bay Packers, wakamwacha. Akarudi kwao Iowa, akapata kazi ya usiku katika duka kubwa, kupanga bidhaa kwenye rafu kwa dola 5 na senti 50 kwa saa. Mazoezi hakuacha.

Brenda, aliyekuja kuwa mke wake, alikuwa mama wa watoto wawili, na mmoja wao aliumia ubongo akiwa mchanga akapoteza macho. Mama huyu aliishi kwa msaada wa chakula wa serikali. Lakini katika imani alikuwa imara kabla ya Kurt. Mwaka 1996 kimbunga kiliwaua wazazi wake wote wawili. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa.

Kuanzia 1995 Kurt alicheza ligi ndogo ya ndani ya ukumbi, halafu 1998 akaenda Amsterdam, kisha akakaa benchi katika timu ya St. Louis Rams. Mwaka 1999 mrushaji wa kwanza aliumia goti kabla ya msimu kuanza. Warner, mtu wa miaka 28, akaingizwa. Tarehe 30 Januari 2000 wakashinda fainali kwa 23–16, naye akatajwa mchezaji bora wa siku hiyo.

Kitabu kiliishia hapo, maisha hayakuishia

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Mwaka 2002 alirudi fainali, wakashindwa 20–17. Akaumia mkono. Mwaka 2004 timu ikamwachilia, na huko alikokwenda nafasi yake akapewa kijana katikati ya msimu. Mwaka 2009 alifika fainali tena akiwa na Arizona Cardinals, wakashindwa 27–23. Alistaafu 2010.

Fainali tatu, ushindi mmoja. Je, zile siku mbili Mungu alikuwa amelala? La. Hata wale wa upande wa pili walikuwa na mama zao wakiwaombea. Imani si tiketi ya bahati nasibu. Ilimsaidia kuamka kwenda kazini usiku alipokuwa hana jina, na kusimama tena aliposhindwa mbele ya watu.

Jambo lingine, anayeandika kitabu ni yule aliyefika. Wengi waliomba na kujitahidi kama yeye, na hadi leo wanapanga bidhaa. Hao hawakulaaniwa. Kazi yao ya halali inasomesha watoto. Kijana asifunzwe kwamba asipokuwa tajiri basi imani yake ni haba.

Kwa hiyo kitabu kama hiki kikifika kikundini, msisome ukurasa wa kombe peke yake. Hesabuni ile miaka mitano tangu 1994 hadi 1999. Zile dola za saa moja moja ndizo shilingi hamsini zetu za kila wiki. Ulizeni pia nani alimshika mkono njiani, kwa maana hakuna aliyefika peke yake. Wahenga walisema, jisaidie Mungu akusaidie.

Tuliporudi kwa wale vijana tulizungumza nao hivyo hivyo. Mmoja amerudi na kulipa deni lake. Mwingine bado, nasi hatujachoka kumtembelea.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni kazi gani hapa kwetu vijana wanaidharau, na kwa nini?

2. Mwanachama akishindwa kulipa mkopo, sisi humfanyaje? Tunamshika mkono au tunamsema?

3. Je, kuna mtu kijijini aliyevumilia bila kupata sifa, ambaye vijana wangefaa kusikia habari zake? Mwalikeni mkutano ujao.