Dhamana Isiyoandikwa

Wanunuzi wengi wa simu na kompyuta wanaamini kwamba haki ya mteja imo kwenye kile kikaratasi cha warantii ndani ya boksi. Kikikosekana, au miezi yake ikipita, basi umeliwa. Huo ni upotofu, na unamnufaisha muuzaji peke yake.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo Kenya na Tanzania zimeirithi kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inatia masharti katika mauziano hata yasipotamkwa na yeyote. Mfanyabiashara akikuuzia bidhaa za biashara yake, lazima ziwe na ubora unaostahili. Ukimweleza kazi unayoitakia laptopu, ukategemea ujuzi wake, lazima iifae kazi hiyo. Kama uliikagua, kasoro iliyokuwa wazi ni juu yako. Lakini betri itakayovimba baada ya wiki tatu haionekani kaunta.

Na lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi"? Watu huliogopa kama amri ya mahakama! Sheria ya zamani iliruhusu masharti hayo yaondolewe kwa makubaliano, lakini maneno ya nyuma ya risiti uliyopewa baada ya kulipa yamechelewa. Kenya imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 5 cha sheria ya kuwalinda wateja ya mwaka 2012 kinabatilisha maneno yoyote yanayokusudia kuifuta dhamana hiyo.

Kuna pia wanaosema programu si bidhaa, kwa hiyo haidhaminiwi. Hao waisome kesi ya St Albans. Halmashauri ya mji huo wa Uingereza ilinunua mfumo wa kukokotoa kodi ya kichwa kutoka kampuni ya ICL. Programu ikaonyesha watu 2,966 zaidi ya idadi halisi, kodi ikapangwa chini mno, halmashauri ikapata hasara. Mkataba uliweka kikomo cha fidia cha pauni 100,000, mahakama ikakikataa. Mwaka 1996, katika rufaa, Jaji Iain Glidewell alisema diski yenye programu ni bidhaa, programu yenyewe siyo. Na mtaalamu wa ICL alikuwa akija na diski na kuipakia programu mwenyewe, diski haikuuzwa. Hata hivyo, alisema jaji, mkataba wa namna hiyo unabeba sharti lisilotamkwa kwamba programu iweze kufanya kazi iliyokusudiwa.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini wakili wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuitegemea, na ndiyo ningeitanguliza dhidi ya yeyote aliyeuza mfumo wa mishahara unaokosea kujumlisha.