Makabati ya jikoni: Chunguza sanduku kabla ya kuupenda mlango

MWENYE nyumba mpya anapofikia hatua ya jikoni, aghalabu fedha zimepungua na subira imepungua zaidi. Kuta zimepigwa lipu, vigae vimelazwa na jamaa wanauliza watahamia lini. Ni wakati huo ambapo seremala humwonyesha picha kwenye simu na kumuuliza anapendelea mtindo upi wa makabati.

Swali hilo huja mapema mno. Kinachoonekana katika picha ni mlango tu: rangi yake, mng'aro wake na vishikio vyake. Kisichoonekana ni sanduku lililo nyuma ya mlango, nalo ndilo linalobeba vyombo, linaloshikilia bawaba na linalopata maji bomba la sinki linapovuja. Mlango ukichakaa, hubadilishwa kwa bisibisi. Sanduku likiharibika, kabati zima hung'olewa, na bao la granaiti lililowekwa juu yake huenda likavunjika katika shughuli hiyo.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa kulipa mara mbili. Makabati aliyotengenezewa miaka kadhaa iliyopita yalikuwa na milango myeupe iliyong'aa kama kioo. Bomba la sinki likavuja tone baada ya tone bila kugunduliwa, na kufikia wakati harufu ya ukungu iliposikika, sakafu ya kabati ilikuwa imefura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Fundi alipopigiwa simu alijitetea kwamba milango yote ilikuwa mizima. Ilikuwa kweli.

Kwa hivyo swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni hili: sanduku litatengenezwa kwa bodi gani?

Rahisi kuliko zote ni chipubodi, ambayo ni vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa pamoja kwa gundi. Maji yakipenya ndani yake hufura, na hata ikikauka hairudi katika unene wake wa awali. Skrubu nazo hulegea, ndipo mlango huanza kuning'inia upande mmoja.

MDF hutengenezwa kwa nyuzi laini za mbao. Uso wake ni laini na hupokea rangi vizuri, sababu inayoifanya ipendwe kwa milango ya kuchongwa. Hata hivyo, ile ya kawaida haivumilii maji. Ipo iliyotengenezwa kustahimili unyevu, na mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani ili itambulike. Mnunuzi asidhani kwamba ukijani huo ni kinga kamili. Bodi hiyo huhimili mvuke na matone, si dimbwi la maji linalokaa wiki nzima.

Blokibodi ina vipande vya mbao halisi vilivyopangwa katikati ya vinia mbili. Ni nyepesi na hushika skrubu barabara. Plaiwudi nayo ni matabaka ya vinia yaliyopishanishwa, na iliyogandishwa kwa gundi isiyoathiriwa na maji ndiyo ambayo mwandishi huyu angeichagua kwa kabati la chini ya sinki, hata kama makabati mengine yote ni ya bodi rahisi. Si lazima jiko zima litengenezwe kwa bodi moja, ingawa mafundi wengi hutoa bei kana kwamba ni lazima.

Bodi hizi kwa kawaida huuzwa zikiwa na ukubwa wa futi 8 kwa 4, na unene wa milimita 18 ndio hutumika sana kwa masanduku. Mtu anayelipa kwa futi na ambaye hajaandikiwa aina na unene wa bodi hajui anachonunua. Ni rahisi mno kwa milimita 18 kugeuka 15 nyuma ya mlango mzuri.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: kingo. Bodi inapokatwa, uso wake hubaki na kinga lakini kingo huwa wazi. Sehemu za mbele hubandikwa ukanda kwa sababu zinaonekana. Za nyuma na za chini huachwa hivyo hivyo, na huko ndiko maji hupitia. Kuzipaka vanishi au rangi kabla ya kabati kuwekwa mahali pake ni kazi ya muda mfupi tu.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye mitindo, ambayo yenyewe ilizaliwa na mahitaji wala si mapambo.

Mlango unaopendwa sana siku hizi ni ule wenye fremu ya vipande vinne na ubao bapa katikati. Huitwa Shaker, kwa jina la madhehebu ya Kikristo yaliyotoka Uingereza na kuingia Marekani mnamo 1774 yakiongozwa na Ann Lee. Waumini hao walithamini samani zisizo na marembo. Lakini fremu ile ina kazi nyingine. Mbao halisi hutanuka na kusinyaa kulingana na unyevu wa hewa, hivyo ubao wa katikati huachwa bila gundi ndani ya mfuo wa fremu ili upate nafasi ya kujongea bila kupasuka. Kwa anayetumia mahogani au mvule, mtindo huo una maana yake. Kwa MDF iliyochongwa na mashine ili kuiga fremu, hakuna kinachojongea. Kinachobaki ni pembe ambamo mafuta na unga hujikusanya.

Itakumbukwa pia kwamba bei ya mbao nchini ilipanda baada ya serikali kusitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Anayeahidiwa mbao ngumu kwa bei ya bodi ana haki ya kuomba kuona upande wa nyuma.

Mlango bapa usio na fremu wala nakshi una historia inayotugusa kwa karibu zaidi. Mnamo 1926, msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Aliyesimamia mpango huo wa nyumba, Ernst May, alihamia Afrika Mashariki mnamo 1934, akaishi Tanganyika kisha Nairobi, akachora mpango wa kuupanua mji wa Kampala na kusanifu hoteli ya Oceanic mjini Mombasa.

La kuvutia katika jiko hilo la Frankfurt si sura yake. Droo za unga zilikuwa za mti wa mwaloni kwa kuwa uliaminika kuwafukuza wadudu wa unga, na makabati yalipakwa rangi ya samawati kwa kuwa wataalamu wa wakati huo walisema nzi huiepuka. Kila kitu kilianza na kilichopikwa na kilichohifadhiwa.

Kwetu, kinachopikwa ni kingine. Makabati ya chini huwa na kina cha sentimita 60 na ya ukutani sentimita 30 hadi 35. Sufuria ya kupikia wageni au sinia la pilau halitaingia katika kabati la ukutani, na gunia la mchele la kilo 25 halifai kuwekwa juu. Pima chombo kikubwa kuliko vyote ulicho nacho, umpe fundi kipimo hicho kabla hajachora chochote. Kimo cha sentimita 90 huwafaa wengi kwa kukata mboga, lakini anayesonga ugali wa watu wanane husukuma mwiko kwa uzito wa mabega, na jiko likiwa juu mno huchoka upesi.

Suala la gesi halina mzaha. Makabati mengi huchorwa yakiwa na nafasi ya mtungi wa kilo 13 nyuma ya mlango, ili usionekane. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, na ndani ya kabati lililofungwa hujikusanya ikisubiri cheche. Palipo salama ni nje ya nyumba, mahali penye hewa, bomba likipitishwa ukutani. Iwapo hilo haliwezekani, mtungi ukae wazi jikoni penye hewa ya kutosha, hata kama unaharibu picha.

Wakazi wa Pwani wana adui wa ziada, chumvi ya hewani. Bawaba za kawaida hushika kutu haraka, kwa hivyo za chuma kisichoshika kutu zinastahili bei yake. Wengi huko, na hata bara, huamua kujenga masanduku ya chini kwa saruji, wakayabandika vigae na kutia milango ya mbao au alumini. Mchwa hawali saruji. Wala si ugeni: zidaka za nyumba kongwe za Lamu ni rafu zilizojengwa ndani ya kuta za matumbawe na chokaa. Ubaya wake ni kwamba sanduku la saruji halihamishiki, hivyo mwenye nyumba asiijenge kabla ya kujua sinki na jiko vitakaa wapi.

Aidha, granaiti ya unene wa milimita 20 ina uzani wa takriban kilo 54 kwa kila mita mraba. Fundi aelezwe mapema kama ndiyo itakayowekwa, ili aongeze nguzo.

Vipimo vya mwisho vichukuliwe baada ya lipu na vigae kukamilika, kwa sababu kuta zetu ni nadra kunyooka sawasawa. Na kabla ya kumaliza malipo, fungua milango yote, vuta droo zote, kisha jaza sinki maji hadi pomoni, uyaachie kwa mara moja huku umeshika tochi ndani ya kabati.