Mnofu wa Nguruwe Huamuliwa na Dume

Kwenye bucha ya kitimoto pale Kambarage, mjini Shinyanga, angalia mgongo kabla ya kuagiza. Kisu kikipita, tabaka jeupe la mafuta huonekana limelala juu ya mnofu: kwa nguruwe huyu lina unene wa kidole kimoja, kwa yule vidole viwili, na huenda wote wamekula pumba ile ile. Chakula na umri vina mchango wao. Mchango mwingine ni wa jeni, na katika zilizochunguzwa kwa kina imo IGF2.

Watafiti wa Uppsala, Sweden, walichanganya nguruwe pori na nguruwe wa kufugwa wa aina ya Large White. Wenzao wa Liège, Ubelgiji, wakachanganya aina ya Pietrain na Large White. Wajukuu walipimwa mnofu na mafuta, na urithi wao ukafuatiliwa kromosomu baada ya kromosomu. Mwaka 1999 makundi yote mawili yaliishia mahali pamoja: ncha ya kromosomu ya pili, ilipo IGF2. Wakati huo jeni hiyo ilikuwa inashukiwa tu. Ushahidi ulitimia 2003: herufi moja ya DNA, G, imegeuka A. Kwa badiliko hilo protini inayoibana jeni hushindwa kuishika, na ujumbe wa IGF2 katika misuli ya nguruwe aliyekwisha kuzaliwa huongezeka mara 3.

La ajabu zaidi, kwenye misuli hufanya kazi nakala ya baba peke yake. Ya mama hunyamazishwa. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu huweza kutumia dume wa mnofu kwa jike aliyebaki na akiba ya mafuta, akiba anayoihitaji sana anaponyonyesha. Huku kwetu dume mmoja hupandisha majike ya mabanda mengi, na mara nyingi mwenye dume hulipwa kitoto kimoja. Dume huyo ndiye anayeamua upande wa IGF2 kwa mtaa mzima. (Kuzungusha dume hivyo hueneza pia homa ya nguruwe ya Afrika, jambo linalonitia hofu kila mara.)

Lakini si kila jeni ya mnofu ni ya kutamaniwa. RYR1, ambayo badiliko lake lilitambuliwa 1991, humpa nguruwe nyama nyingi. Akirithi nakala mbili mbovu, hata hivyo, msukosuko na joto humkakamaza misuli na huweza kumuua. Akinusurika hadi machinjioni, nyama yake hutoka imepauka, laini, inachuruzika maji. Hebu fikiria nguruwe kama huyo amefungwa nyuma ya pikipiki saa saba mchana, njia ya Geita.

Kwa hiyo anayenunua dume wa kisasa, hasa mwenye damu ya Pietrain, aulize kama amepimwa RYR1 na IGF2. Sampuli yenyewe haina ugumu: nywele chache zilizong'olewa pamoja na mizizi yake, kwa sababu DNA inayohitajika imo kwenye mzizi, na nywele zilizokatwa kwa mkasi hazifai.