Akiru, Jina Lililoteremka na Mvua

Msafiri atokaye mji wa Isiolo kuelekea Archer's Post, kabla hajaufikia mto Ewaso Ng'iro, hupita penye makazi ya Waturkana yaitwayo Ngaremara, na akiketi hapo chini ya mgunga hata jua likapungua ukali wake, huenda akamsikia mama akiita kwa sauti ya juu, “Akiru!”, na wasichana wawili watatu wakageuka kwa pamoja, kila mmoja akidhani ndiye aitwaye.

Akiru, kwa Kiturkana, ni mvua. Hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mtu wa pwani, aliyezoea kuwaita binti zake Rehema na Neema, aweza kudhani kwamba jina hili lahusu hali ya hewa tu. Lakini kwa kaumu ya wafugaji, ambao mbuzi wao, ngamia wao na maziwa ya watoto wao yote hutegemea mawingu, mvua na rehema ni kitu kimoja, na amwitaye bintiye Akiru hayuko mbali na yule amwitaye Rehema.

Lugha yenyewe ina hekima ambayo yafaa kuizingatia. Waturkana huyatenga majina ya kiume na ya kike kwa herufi za mwanzo: Ekai ni mwanamume na Akai ni mwanamke, Lokiru ni mwanamume na Nakiru ni mwanamke. Sasa, neno la mvua katika lugha hii ni la jinsi ya kike tangu asili yake, na kwa hiyo msichana hulipokea lilivyo, zima, pasipo kupunguzwa wala kuongezwa, ilhali ndugu yake aliyezaliwa katika mvua iyo hiyo hana budi kuligeuza mwanzo wake ndipo aitwe Ekiru. Mvulana hupewa jina litokanalo na mvua. Msichana hupewa mvua yenyewe.

Wala si ajabu, kwani masimulizi ya Wajie wa Uganda na ya Waturkana wenyewe humtaja mwanamke mzee, Nayeche, aliyetoka nchi ya Jie akielekea mashariki akichuma matunda ya porini, hata vijana waliokuwa wakimfuata fahali wa kijivu aliyepotea wakamkuta huko, na nchi ile ikawa chimbuko la taifa la Waturkana. Taifa linalomkumbuka mwanamke kwa jina lake mwanzoni mwa safari yake haliwezi kuyadharau majina ya binti zake.

Jamii nyingine nazo zina desturi kama hiyo. Wajaluo humwita binti wa mvua Akoth, Wakalenjin Cherop, Waluhya Nafula. Na Wameru, ambao milima yao yaonekana kutoka Ngaremara, wana Kambura. Hata mahali penyewe pamebeba unyevu katika jina lake, maana ngare, kwa Kimaa, ni maji.

Ubatizo na shule vimeleta majina mengine, nayo yakawekwa mbele. Hata hivyo lile la kale halikufutika: Joyce Akai Emanikor, aliyeingia bungeni mwaka 2013 akiwa mwakilishi wa wanawake wa Turkana, aliingia na Akai yake. Mimi nasikitika kila nionapo jina la nyumbani limefupishwa katika cheti likawa herufi moja na nukta, kwa kuwa herufi A haimwambii mtu kwamba siku ile ardhi ililowa.

Na kuna miaka ambayo siku za kulowa zilikuwa chache. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi hizi za kaskazini, mifugo ikafa kwa wingi, hata mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zikaja kwa ghadhabu na kufurika. Lakini jina hili halingoji mawingu peke yake; hurithiwa pia; na binti aliyepewa Akiru ya nyanya yake katika miaka ile mikavu alikuwa akiitwa Mvua, asubuhi na jioni, na watu waliokuwa wakiingoja.